Meza tatu za mrengo wa kulia kampasini Marekani: College Republicans, Turning Point au YAF?

Mwishoni mwa mwezi wa nane 2025 mpwa wangu alinipigia simu akiwa amesimama juani kwenye nyasi za chuo chake, hapa Ohio. Ilikuwa siku ya vikundi kujitangaza, siku ambayo kila klabu, kuanzia wacheza chesi hadi wapanda milima, inatoa meza nje na kumwita mpita njia kama kondakta wa daladala.

"Shikamoo mjomba. Niko mbele ya meza tatu, zote zinasema ni za wahafidhina. Tofauti yao ni nini?"

Marahaba, nikamjibu, hebu niambie kila meza imewekwa nini juu yake. Ya kwanza ilikuwa na fomu za kuandikisha wapiga kura, kalamu iliyofungwa kwa uzi isiibwe, na donati zilizoanza kuyeyuka. Ya pili ilijaa stika za rangi na mabango ya kuchokoza, na kijana mmoja alikuwa anarekodi kila kitu kwa simu. Ya tatu ilikuwa na vijitabu vya Katiba vya kutosha mfuko wa shati, na picha ya Ronald Reagan amevaa kofia ya pama.

Hakuwa amenitajia jina hata moja, lakini nilishajua nani ni nani: ya kwanza College Republicans, ya pili Turning Point, ya tatu YAF.

Mpwa wangu huyu alizaliwa kambi ya Nyarugusu, Kigoma, wazazi wake wakiwa wametoka Kongo. Sasa ni raia wa Marekani. Mwenzake wa chumbani ni kijana wa Mombasa, yuko hapa kwa viza ya mwanafunzi, ile ya F-1. Mmoja amekulia kwenye kwaya ya Kipentekoste, mwingine madrasa. Wote wawili hukunja uso darasani dini na familia zikisemwa kwa dhihaka, na wote wawili wakitembea usiku mjini polisi haoni mhafidhina, anaona kijana mweusi. Niliyowaambia kwa wiki kadhaa nimeyaandika hapa, maana swali lao naliulizwa pia na vijana wa Louisville na Dallas.

Ushauri wangu haubadiliki: usichague kwa kaulimbiu. Zote zitakuambia kodi ndogo, serikali ndogo, uhuru wa kusema. Uliza Jumanne jioni watakufanyisha nini, na pizza inayoliwa hapo amelipa nani.

College Republicans: kazi ya mtaa

Hii ndiyo kongwe. Ilianzia Chuo Kikuu cha Michigan mwaka 1892, na kazi yake haijabadilika sana tangu hapo: kukitafutia kura Chama cha Republican. Mwaka usio na uchaguzi mkubwa ni mwaka wa vikao, pizza na mgombea wa udiwani anayekuja kusalimia. Mwaka wa uchaguzi unapewa orodha yenye majina ya mitaa na namba za nyumba, unakwenda kugonga milango.

Nimeifanya kazi hiyo. Mwaka 2004 nilikuwa mwanafunzi mwenye viza, nisiye na kura, na Ohio ndiyo iliyokuwa inaamua kati ya George W. Bush na John Kerry. Siku ya kupiga kura ilinyesha mvua ya baridi. Nilikuwa na koti la mvua la kijani, la mtumba, lenye mifuko iliyovuja, na orodha yangu ililowa mpaka namba 14 na 19 zikawa kitu kimoja. Mama mmoja aliisikiliza lafudhi yangu, akauliza natoka wapi. Tanzania, nikasema. Akaniambia nisubiri, akarudi na kikombe cha kahawa na kusema amekuwa akijishauri tangu asubuhi kama atoke kwenye mvua ile, sasa anaona aibu. Akachukua funguo za gari. Bush alishinda Ohio kwa kura zipatazo 118,000. Ukizigawa kwa vituo vya jimbo zima, ni kama kura kumi kila kituo.

Hapo utajifunza mambo ambayo darasani hayapo: kusoma orodha ya wapiga kura, kuzungumza na mtu usiyemjua kwa sekunde thelathini, na kutofautisha mtu ambaye hajaamua na mtu ambaye ana adabu tu. Ujuzi huo ni wako. Hata ukibadili chama, unaondoka nao.

Kasoro yake ni ugomvi wa ndani, na ni ugonjwa wa ukoo. Mwaka 1973 Karl Rove, yule aliyekuja kuwa fundi wa kampeni za Bush, aligombea uenyekiti wa taifa wa jumuiya hii. Kila upande ukadai umeshinda, na kesi ikafika kwa mwenyekiti wa chama wakati huo, George H. W. Bush, baba mtu, aliyempa Rove kiti. Mwaka 2021 uchaguzi wa ndani ulizua mzozo tena, safari hii matawi ya majimbo kadhaa yakajitoa, na leo hakuna tena mwamvuli mmoja wa taifa. Kwa hiyo unaweza kukuta vikundi viwili vyenye jina hilohilo vilivyonuniana, na kimoja kikawa mbali kulia kuliko chama chenyewe. Waulize wako chini ya nani, na mwaka jana walimfanyia nani kampeni. Wakikosa jibu la swali la pili, hiyo ni klabu ya kula donati.

Turning Point USA: kazi ya kuonekana

Charlie Kirk aliianzisha mwaka 2012 akiwa na miaka 18, pamoja na mzee mmoja mfanyabiashara, Bill Montgomery. Kirk hakumaliza chuo, jambo ambalo wapinzani walimcheka nalo na yeye akalifanya sifa. Kutoka Illinois shirika lilihamia Phoenix, Arizona, likakua kuliko wenzake wote.

Hapa kazi ni meza yenyewe. Makao makuu yanakutumia vifaa, kuna mwakilishi wa eneo anayelipwa mshahara ambaye atakupigia simu kujua mmekaa meza mara ngapi, na kipimo cha mafanikio ni watu wangapi wamesimama. Kirk mwenyewe alikaa chini ya hema na bango linalosema "Nithibitishie nimekosea", mwanafunzi yeyote akachukua maikrofoni, kamera zikiwa wazi. Wengi mnaosoma hapa mlimjua kupitia vipande hivyo, si kupitia hotuba.

Kisheria ni shirika la kielimu lenye msamaha wa kodi, halina ruhusa ya kumpigia kampeni mgombea. Kazi ya uchaguzi inafanywa na ndugu yake, Turning Point Action, aliyezaliwa 2019. Tofauti hiyo ni ya wanasheria zaidi kuliko ya macho, lakini ina maana kwako: kwenye meza ya chuo wanakuuzia mtazamo, hawakutumi kwa mgombea.

Ukiwa mtu wa jukwaa, unayependa ubishi na huogopi kuzomewa, utafurahi. Ila kuna mambo mawili ya kupima.

La kwanza ni Professor Watchlist, orodha ya maprofesa ambayo shirika liliitoa Novemba 2016, ikiwataja wale linaosema wanawabagua wanafunzi wahafidhina. Wapo waliotajwa waliopokea vitisho baadaye. Unaweza kuona orodha hiyo ni haki au ni uonevu. Mimi naona si kazi ya mwanafunzi kumtungia mwalimu wake orodha. Na nina sababu nyingine ya kiswahilini kabisa: ukiwa mgeni usiye na shangazi kwenye kampuni yoyote, barua ya profesa ndiyo shangazi yako.

La pili ni kamera. Tawi hili linaishi kwa video. Sura yako ikipita mara moja ukimjibu mtu kwa kejeli, itabaki huko siku unapoomba kazi, na jioni hiyohiyo itakuwa kwenye kundi la ukoo kule Mombasa, mama mkubwa akiuliza huyu si mtoto wa fulani.

Tarehe 10 Septemba mpwa wangu alinipigia tena. Hakutoa shikamoo. Nikajua kuna jambo. Kirk alikuwa amepigwa risasi akiwa chini ya hema lake katika Chuo Kikuu cha Utah Valley, mjini Orem, akijibu swali la mwanafunzi mbele ya watu wapatao 3,000. Alikuwa na miaka 31. Kijana wangu alikuwa ameona ile video kabla hajajua ni video ya nini, imejicheza yenyewe kwenye simu akiwa foleni ya chakula, na hakuweza kula.

Mjane wake, Erika, alikabidhiwa uongozi wiki iliyofuata, na maombi ya kufungua matawi mapya yakamiminika kwa maelfu. Kwenye chuo cha mpwa wangu mkutano uliozoea kujaza nusu ya darasa ulihamishiwa ukumbini, mlangoni kukiwa na polisi anayepekua mikoba. Anayejiunga leo hajiungi na shirika lile la 2024. Anajiunga na kitu chenye msiba ndani yake, na msiba hugeuza watu: wengine wanakuja kwa ajili ya hoja, wengine kwa maombolezo, wengine kulipiza. Kaa mikutano miwili nyuma kabisa ya ukumbi ujue tawi lako limejaa wa aina gani.

YAF: kazi ya kualika

Jina hili linachanganya kwa sababu ni mawili kwa kifupi kimoja. Young Americans for Freedom ndiyo klabu ya wanafunzi; Young America's Foundation, yenye makao Virginia, ndiyo mfuko unaoilea, na klabu ikawa rasmi chini ya mfuko mwaka 2011.

Klabu ilizaliwa Septemba 1960 nyumbani kwa familia ya William F. Buckley, mwandishi wa kihafidhina, kijiji cha Sharon, Connecticut. Vijana wasiofika 100 walikutana siku chache wakatoka na tamko fupi, lisilofika maneno 400: soko huria, serikali yenye mipaka, kupinga ukomunisti, na uhuru wa mtu kama zawadi ya Mungu. Miaka minne baadaye Barry Goldwater akawa mgombea wa urais wa chama cha Republican, na vijana hawa walikuwa miongoni mwa waliombeba. Akashindwa vibaya. Hawakutawanyika. Kilichowapasua ni mkutano wao wa St. Louis mwaka 1969, ambapo waliotaka uhuru wa kila kitu, pamoja na kukataa kuandikishwa jeshini, waligombana na wenye mila na bendera mpaka kijana mmoja akachoma karatasi ya jeshi mbele ya wenzake.

Ile mila na bendera bado ipo. Kila Septemba matawi yanachomeka bendera ndogo 2,977 kwenye nyasi za chuo, moja kwa kila aliyeuawa tarehe 11 Septemba 2001. Niliwahi kumwona msichana mmoja akizichomeka peke yake saa kumi na mbili asubuhi, amepiga magoti, ana boksi pembeni, anahesabu kwa sauti ili asikosee. Hakukuwa na kamera.

Lakini kazi kubwa ya YAF ni mhadhara. Unachagua mzungumzaji mwenye jina, mfuko unasaidia gharama, nanyi mnatafuta ukumbi, mnajaza fomu za chuo, mnapanga ulinzi, mnasubiri. Hapo ndipo utajifunza jinsi chuo cha Marekani kinavyoweza kukataa bila kutamka neno hapana: ukumbi umejaa, fomu imechelewa, bili ya ulinzi imepanda. Mfano mkubwa ni Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 2017. Februari wanafunzi wa College Republicans walimwalika Milo Yiannopoulos, mchokozi wa mitandaoni, vurugu zikavunja hafla na kuharibu mali za kiasi cha dola 100,000 kampasini. Aprili hafla ya mwandishi Ann Coulter ikakwama kwenye masharti ya muda na mahali, YAF na wenzao wakakishtaki chuo. Septemba mtangazaji Ben Shapiro akazungumza, ulinzi wake ukagharimu karibu dola 600,000. Kesi iliisha Desemba 2018 kwa maridhiano: chuo kililipa dola 70,000 za mawakili na kubadili kanuni zake.

Na mkisikia watu wakisema wahafidhina wote ni kitu kimoja, wakumbusheni kwamba mwaka 2018 ulivuja waraka wa ndani wa YAF ukiwaonya wanafunzi wakae mbali na Turning Point, ukiituhumu kukuza idadi zake na kuwachafulia jina wengine. Mezani pale nyasini walikuwa wanagawana kivuli cha mti mmoja, lakini msidhani wanapendana.

Ukiziweka ubavu kwa ubavu

Jumanne jioni, College Republicans wanapiga simu kwa wapiga kura au wanagawana mitaa. Turning Point wanapanga bango la kesho na nani atashika kamera. YAF wanabishana kama barua ya kuomba ukumbi iende kwa mkuu wa wanafunzi au kwa ofisi ya hafla.

Pizza ya College Republicans kwa kawaida imetoka mifukoni mwenu, kwenye ada ya shughuli za wanafunzi, au kwa mgombea anayetaka mwende naye mtaani Jumamosi. Ndiyo yenye posho ndogo na yenye uhuru mkubwa: hakuna bosi wa mbali. Za wengine wawili zimelipwa na wafadhili kupitia makao makuu, na mlipaji ana haki ya kuuliza pesa yake imefanya nini. Sisemi ni vibaya. Nasema ujue kwamba mtu wa Phoenix au Virginia yuko mezani hata kama humwoni.

Mlango unaofunguka baadaye nao si mmoja. Wa chama unakupeleka kwenye ofisi ya mbunge wa jimbo, mahali pa kahawa mbaya na majina halisi ya watu. Wa Turning Point unakupeleka kwenye vyombo vya habari na uhamasishaji. Wa YAF unakupeleka Washington, kwenye taasisi za sera na magazeti, na wasipokupa kazi angalau watakupa orodha ya vitabu.

Kwa mtu mwenye haya, ningesema YAF. Kwa mtu mwenye miguu, chama. Kwa mwenye mdomo, Turning Point, na awe na ngozi ngumu.

Ziko nyingine ambazo hazikuwa na meza siku ile. Young Americans for Liberty walitokana na wanafunzi waliomuunga mkono Ron Paul alipogombea urais mwaka 2008. Hawa ni wa uhuru kwanza, watakubaliana nawe kwenye kodi na kukukatalia kwenye bangi, na wanapenda kuzungusha puto kubwa kampasini ambalo kila mtu anaandika atakacho. Ukiwa shule ya sheria usihangaike na meza yoyote, nenda Federalist Society, jumuiya ya wanasheria wahafidhina. Ilianza 1982 kwa wanafunzi wa Yale na Chicago, haimpigii mtu kampeni, inaandaa midahalo na mara nyingi inamwalika mpinzani akae upande wa pili. Majaji wa kihafidhina wa Mahakama ya Juu wamepita kwenye vyumba vyake, na karani wa jaji wa kesho anatafutwa humohumo. Na kama wewe ni wa kalamu, Intercollegiate Studies Institute, ya tangu 1953, hulea magazeti ya wanafunzi. Gazeti la aina hiyo pale Dartmouth, lililoanzishwa 1980, ndilo lililomtoa mwandishi Dinesh D'Souza na mtangazaji Laura Ingraham.

Chuo chako kinaamua nusu ya jambo

Kabla ya kuchagua meza, uliza chuo ni cha umma au cha binafsi. Cha umma kinafungwa na Katiba. Mwaka 1995 Mahakama ya Juu iliamua kwamba Chuo Kikuu cha Virginia hakiwezi kulinyima fedha gazeti la wanafunzi kwa sababu tu ni la Kikristo, na mwaka 2000, katika kesi ya Wisconsin, kwamba ada ya shughuli lazima igawiwe bila kuangalia mtazamo. Chuo binafsi hakifungwi hivyo. Kinaweza kuwa na kanuni zake, za kulia au za kushoto, na ukikubali nafasi umekubali kanuni.

Kesi ninayoipenda ni ya Georgia Gwinnett College, kwa sababu mwanafunzi aliyeshtaki ana jina la Kiigbo, Chike Uzuegbunam. Alikuwa anahubiri Injili nje ya maktaba. Wakamwambia akahubiri kwenye eneo maalumu, akaomba kibali, akaenda, wakamnyamazisha hata huko kwa kuwa kuna waliolalamika. Chuo kilibadili kanuni kikidhani kesi imekufa. Mwaka 2021 majaji wanane kati ya tisa wakasema haijafa, hata kama anachodai ni dola moja.

Mtafiti Amy Binder, aliyewafuatilia wanafunzi wahafidhina kwa miaka, aligundua jambo ambalo mtu yeyote aliyehama chuo atalithibitisha: chuo kikubwa cha umma cha magharibi huzaa wahafidhina wachokozi, na chuo cha kifahari cha mashariki huzaa wahafidhina wa suti na maneno ya upole, ingawa imani zao ni zilezile. Kwa hiyo Turning Point ya chuo kimoja inaweza kuwa ya kistaarabu kuliko College Republicans ya chuo kingine. Tawi ndilo la kuchunguza, jina la taifa baadaye.

Kwa aliye na F-1, soma hapa mara mbili

Kijana wa Mombasa alitaka kusaini fomu iliyokuwa kwenye meza ya kwanza ili tu asionekane mgumu. Ile ilikuwa fomu ya kujiandikisha kupiga kura. Asiye raia akiisaini amejidai uraia, na kosa hilo linaweza kumtoa nchini na kumfungia mlango wa kurudi. Karatasi za maombi ya kupeleka jambo kwenye kura nazo ni za wapiga kura. Ukiona kalamu yenye uzi, sema asante, pita.

Kuchangia kampeni huruhusiwi hata senti. Na kofia ya mgombea inayouzwa na kampeni yenyewe inahesabiwa mchango, kwa hiyo usiinunue. Mwenye kadi ya kijani anaruhusiwa kuchangia, ila kupiga kura bado. Kugonga milango bila malipo kunaruhusiwa, kama nilivyofanya mimi, mradi hushiriki kuamua pesa za kampeni zitumikeje. Nafasi za kulipwa za mashirika haya ni kazi ya nje ya chuo. Bila kibali cha kazi, usiguse.

Tena angalia hali ya hewa. Tangu Juni 2025 waombaji wa viza za wanafunzi wanatakiwa kuacha wazi kurasa zao za mitandao. Mwaka huohuo wanafunzi wa kigeni walikamatwa kwa harakati zao za kuitetea Palestina, na Oktoba Wizara ya Mambo ya Nje ilifuta viza za watu sita kwa maneno waliyoandika kuhusu kifo cha Kirk. Inashangaza kwamba nimefika hapa kwenye makala ya mashirika yanayopigania uhuru wa kusema, lakini ndivyo ilivyo: uhuru huo kwa mwenye viza una mwenye nyumba. Aingie klabu yoyote, asikilize, abishane chumbani. Maikrofoni amwachie mpwa wangu.

Senti 75

Kuna jambo vijana wetu huniuliza kwa kuzunguka. Mwaka 2011 College Republicans wa Berkeley waliweka meza ya keki kupinga upendeleo wa rangi katika kudahili wanafunzi. Bei: mwanamume Mzungu dola 2, Mwasia dola 1.50, Mlatino dola 1, Mweusi senti 75, Mmarekani wa asili senti 25, na mwanamke yeyote apunguziwe senti 25. Hoja yao ilieleweka, na mwaka 2023 Mahakama ya Juu iliupiga marufuku upendeleo huo kwenye udahili. Unaweza hata kukubaliana nayo. Lakini fikiria umefika jana, una njaa, unaambiwa keki kwako ni senti 75, na watu wanasubiri waone utafanya uso gani.

Oktoba 2025 zilivuja jumbe za viongozi wa Young Republicans, ambayo ni jumuiya ya vijana waliokwisha toka vyuoni, zimejaa matusi kwa watu weusi na Wayahudi. Wengine walipoteza kazi, na matawi ya New York na Kansas yakasimamishwa. Na ipo habari ya wakimbizi: mpango uliomleta mpwa wangu na wazazi wake ulisimamishwa Januari 2025, baada ya miaka ambayo Wakongo ndio walikuwa wengi kuliko wote waliopokelewa. Katika meza tatu zile, wengi waliokaa nyuma yake waliufurahia uamuzi huo.

Mimi sikuondoka mrengo wa kulia kwa sababu hizo, na simlaumu aliyeondoka. Kuna kikundi kimoja nilichopitia, jina nalihifadhi, ambacho kila kikipiga picha nilisukumwa mstari wa mbele, na kila kikipanga ajenda sikuambiwa saa ya kikao. Niligundua siku nilipojiona kwenye kipeperushi nikitabasamu kwenye hafla ambayo sikualikwa, picha ya mwaka mmoja nyuma. Kwa hiyo swali la tatu la kuuliza, baada ya Jumanne na pizza, ni nani anashika kalamu ya ajenda.

Mpwa wangu aliyauliza yote matatu. Turning Point walimpokea vizuri, wakamtaka kwenye video wiki ya pili. YAF walikuwa wanne, wanasoma, akasema ni kama kikundi cha kusoma Biblia cha mama yake bila uimbaji. College Republicans walikuwa saba, wanagombania nani abaki na ufunguo wa chumba, na msichana mmoja wa shamba la mahindi alimuuliza kuhusu wakimbizi, akamsikiliza, akamkatalia, akampa orodha ya mitaa. Ohio inachagua gavana Novemba 2026 na wameshaanza kugawana mitaa.

Kijana wa Mombasa anakwenda naye kama mtu wa kujitolea, amesema atabeba maji. Jumapili walipita kwangu kula, na kabla ya kuondoka mpwa wangu akauliza kama lile koti la mvua la kijani bado lipo. Lipo. Mifuko bado inavuja.